Kilimohai: Elimu Isiyofungwa Guniani

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii imerudiwa mno madarasani, na aghalabu hufasiriwa kuwa kemeo kwa mvivu atafutaye visingizio. Hata hivyo, mkulima mdogo wa Kenya ya leo hana budi kuchagua. Si jembe, bali njia ya kulima. Njia ya kwanza humjia ikiwa imefungwa guniani na kupigwa chapa ubavuni. Mwenye duka humweleza kwa maneno machache: kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo, na mahindi yafikapo magotini atie ile mbolea nyingine ya kukuzia. Njia ya pili haina gunia, haina chapa, wala haina mwenye duka. Hii ni njia ya mboji, matandazo, mzunguko wa mazao na wadudu walao wadudu. Anayeifuata hanunui vitu vingi. Anapaswa kujua mambo mengi. Hapo ndipo penye utamu wake, na hapo hapo ndipo penye uchungu wake.

Mjadala kuhusu kilimo hiki hujikita katika afya ya mlaji, bei ya soko na uhifadhi wa mazingira. Hayo yote yana uzito. Ila lipo jambo ambalo hupitwa kwa haraka, ilhali ndilo linaloamua kama mkulima atadumu ama atarudi alikotoka: ni nani atakayemfunza, kwa lugha gani, na ni nani atakayesimama naye katika misimu ya mwanzo, shamba likiwa bado halijamlipa? Mkulima wa namna hii hashindwi na uhaba wa samadi kama anavyoshindwa na upweke. Elimu yake haikai guniani. Hukaa katika watu na katika maneno yao. Palipo na watu na maneno, kilimo hiki hushika mizizi. Vinapokosekana, hunyauka, hata kama samadi imejaa zizini.

Neno "kilimohai" lenyewe lina historia fupi inayostahili kuangaliwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha viwango vya pamoja vya mazao yanayozalishwa bila kemikali za viwandani. Vilikuwa viwango vya pili vya kikanda duniani, baada ya vile vya Umoja wa Ulaya. Pamoja navyo ilibuniwa nembo moja ya kuyatambulisha mazao hayo sokoni katika nchi zote wanachama, na jina lililoandikwa kwenye nembo hiyo halikuwa la Kiingereza. Liliandikwa Kilimohai. Mara nyingi jambo la kibiashara katika ukanda huu hupewa jina la kigeni kwanza, kisha Kiswahili kikaitwa baadaye kama mkalimani. Safari hii Kiswahili kiliitwa mapema, kikakaa kitako pamoja na wenye nyumba.

Uteuzi huo ulikuwa wa busara. Yako majina mengine yanayotumika: kilimo asilia, kilimo cha mbolea za asili, kilimo cha kikaboni. Kila jina humpeleka msikilizaji mahali pake. Asemaye "kikaboni" humpeleka maabara. Asemaye "asilia" humrudisha kwa babu na bibi, na hapo ndipo hatari hujificha, kwani mkulima aweza kudhani kuwa akiacha tu kununua mbolea tayari amekuwa mkulima wa asili. Huacha kutia kile, wala hatii kingine; udongo hudhoofika, mavuno hupungua, na jirani hucheka. Huko si kulima kwa njia ya asili; ni kulitelekeza shamba. Neno "hai" hudai zaidi. Kilicho hai hula, hunywa, hupumua, huugua na hufa. Mkulima aambiwaye kuwa udongo wake u hai huuliza papo hapo: unakula nini? Swali hilo moja ni mlango wa elimu yote inayofuata.

Upande wa pili wa mizani kuna neno "dawa". Kinachonyunyiziwa viwavi huitwa dawa. Kinachoua magugu ni dawa. Kinachoangamiza kupe ni dawa pia. Mzazi humpa mwanawe dawa ili apone, kisha huenda shambani kupiga dawa bila glavu wala kitambaa puani. Haiwezi kusemwa kwamba neno peke yake ndilo limdhurulo. Uhaba wa mavazi ya kinga, haraka na mazoea pia vimo. Lakini lugha iliyokwisha kuiita sumu dawa imekwisha kumtuliza mtumiaji kabla hajaliona fuvu la kichwa lililochorwa kwenye chupa. Vivyo hivyo, istilahi "kilimo cha kisasa" imefungamanishwa na gunia na bomba la kunyunyizia kiasi kwamba mwenye kutengeneza mboji huonekana mtu wa kale, ingawa kazi yake inategemea maarifa ya viumbe wadogo wa udongoni ambao babu yake hakuwahi kuambiwa habari zao. Mafunzo ya kilimohai, basi, huanza na kazi ya lugha: kuyaita mambo kwa majina yatakayomwamsha mkulima, si yale yatakayombembeleza.

Ugumu wa elimu hii huonekana wazi katika jambo linalodhaniwa kuwa jepesi, yaani utengenezaji wa mboji. Chini kabisa huwekwa vijiti na mabua ili hewa ipate kupita. Juu yake hupangwa tabaka la majani makavu, kisha samadi, kisha majani mabichi, kisha majivu kidogo na udongo wa juu, na kila tabaka hunyunyiziwa maji. Mpangilio huo hurudiwa hadi lundo lifike kifuani, kisha hufunikwa. Mwishowe fimbo ndefu iliyochongoka huchomekwa kwa mshazari hadi katikati ya lundo. Fimbo hiyo ndiyo kipimajoto cha mkulima. Baada ya siku chache huichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa na ukungu mweupe, lundo limekauka na linahitaji maji. Ikinuka uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana. Lundo hugeuzwa mara kadhaa, na baada ya miezi miwili, mitatu au zaidi, kulingana na hali ya hewa, kilichokuwa takataka huwa udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Maelezo haya yanatosha ukurasa mmoja wa kitabu. Lakini joto la fimbo halisomwi ukurasani. Hushikwa kwa kiganja, kando ya mtu aliyekwisha kulishika mara nyingi na awezaye kusema, "Hili bado, ngojea wiki moja." Asiye na mtu wa kumwambia maneno hayo hutandaza shambani mboji ambayo haijaiva, akaunguza miche, kisha akatangaza kijiji kizima kwamba mboji ni uongo.

Msomaji na amtafakari mkulima wa ekari moja katika miinuko ya Murang'a. Ni mama mwenye watoto wawili katika shule ya upili. Shamba lake limetiwa mbolea ya viwandani kwa miaka mingi, na kwa kuwa baadhi ya mbolea hizo huongeza asidi udongoni, kila mwaka hutia zaidi na kuvuna pungufu. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 ilipopanda na kupita shilingi 6,000, aliamua kubadili njia. Msimu wa kwanza mahindi yake ni ya manjano, ilhali ya jirani ni kijani kibichi. Udongo uliozoea kulishwa kwa kijiko hauwezi kujilisha kwa siku moja. Viumbe wake waliopungua huhitaji muda kuongezeka tena. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hudai miaka 2 ya mpito kwa mazao ya msimu na miaka 3 kwa yale ya kudumu kabla ya kuyatambua kuwa mazao ya kilimohai. Lakini karo haina kipindi cha mpito. Karani wa shule haulizi kama udongo umepona.

Mgala muue na haki umpe. Mbolea ya viwandani hutenda kazi upesi, na kuna watu wengi walioshiba kwa sababu yake. Mama huyo akirudi dukani katika msimu wa pili, hatakuwa amefanya hivyo kwa ujinga wala kwa kupenda sumu. Atakuwa amerudi kwa sababu duka lilikuwa karibu, lina jibu la haraka, na huenda hata likamkopesha. Yeyote anayetaka akatae jibu hilo sharti ajiulize amemwekea jibu gani mahali pake.

Serikali moja ya mbali imekwisha kuonyesha kinachotokea swali hilo lisipoulizwa. Mnamo Aprili 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea na viuatilifu vya kemikali, ikanuia kuifanya nchi nzima kuwa ya kilimohai kwa mpigo mmoja. Wakulima waliozoea mbolea hizo kwa miongo mingi waliamka wakitakiwa kujua wasichofunzwa, kwa mboji isiyokuwapo ya kutosha. Mavuno ya mpunga yalishuka, majani ya chai yakapungua, na ilipofika Novemba mwaka huo huo marufuku hiyo ilikuwa imelegezwa. Wapinzani wa kilimohai hutumia kisa hicho kama ushahidi kuwa njia hii haiwezekani. Ushahidi huo unasema jambo jingine: kilimohai hakiamrishwi. Amri yaweza kuliondoa gunia kwa siku moja, lakini haiwezi kuijaza nafasi yake kwa elimu kwa siku moja.

Kenya ilianza upande ulio sawa zaidi, japo kwa hatua ndogo. Baada ya ukame mkali wa mwaka 1984, kituo cha kilimo cha Manor House kilianza karibu na Kitale kuwafunza vijana na wakulima namna ya kupata chakula kingi katika kipande kidogo cha ardhi. Mojawapo ya mbinu zake ni kulima kwa kina maradufu, ambapo udongo hulegezwa hadi sentimita 60 ili mizizi ishuke badala ya kugombania nafasi juu. Mwaka 1986 ikafuata Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya, ijulikanayo kwa kifupi kama KIOF. Waliofunzwa katika vituo kama hivyo walirudi makwao wakawafunza wengine, na hiyo ndiyo njia ambayo elimu hii imesafiri nayo kwa miaka 40: kutoka mkono hadi mkono, kama moto unaoazimwa jikoni kwa jirani.

Njia nyingine ilitoka Asia. Mwaka 1989 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha nchini Indonesia mtindo wa mafunzo ulioitwa baadaye, kwa Kiswahili, shamba darasa. Wakulima wa mpunga walikuwa wakipiga sumu nyingi, wakiwaua wadudu marafiki pamoja na maadui, na tatizo likazidi. Badala ya kuhutubiwa, walipelekwa shambani kutazama. Katikati ya miaka ya 1990 mtindo huo uliingia magharibi mwa Kenya. Kundi la watu 20 hadi 30 hukutana kila wiki, msimu mzima, katika kipande kimoja cha shamba. Huhesabu majani, hutafuta wadudu, huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa, kisha hujadiliana na kuamua la kufanya. Mwezeshaji hatoi hotuba, huuliza maswali. Asiyejua kusoma huchora, na mchoro wake huwa na uzito sawa na wa aliyesoma. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kuhangaika na darasa lililonyamaza angejifunza mengi akikaa chini ya mwembe penye shamba darasa.

Faida ya kujifunza pamoja hudhihirika zaidi katika mbinu ya vuta-sukuma. Ilibuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kwa ushirikiano na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Kazi kubwa ilifanyika Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, chini ya uongozi wa Zeyaur Khan. Wakulima wa huko walikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni bungua, funza atoboaye mabua ya mahindi. Wa pili ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Suluhisho lilipatikana katika mimea. Baina ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwasukuma mbali nondo wa bungua. Kandokando ya shamba hupandwa majani ya nepia, ambayo huwavuta nondo hao watage huko, mahali ambapo wengi wa funza hawaponi. Mizizi ya desmodiamu nayo huzidanganya mbegu za kiduha zichipuke pasipo na mwenyeji wa kunyonywa, zikafa. Juu ya hayo, desmodiamu hurutubisha udongo, na yenyewe pamoja na nepia huwa chakula cha ng'ombe.

Huo ni uvumbuzi wa wanasayansi, na hakuna anayepaswa kuwanyima sifa yao. Lakini ulienea kwa kiasi kikubwa kwa sababu wakulima waliofaulu waligeuzwa kuwa walimu. Mkulima haamini kwa urahisi kwamba jani litamfukuza mdudu hadi aende kwa mwenzake mwenye shamba kama lake, mvua kama yake na shida kama zake, akajionea mwenyewe. Siku ya maonyesho shambani humfunza zaidi ya vipeperushi kumi.

Hapa suala la lugha linajitokeza tena. Tangu utekelezaji wa ugatuzi mwaka 2013, maafisa wa ugani wako chini ya serikali za kaunti, na mkulima wa kijijini aweza kumaliza msimu bila kumwona hata mmoja wao. Penye pengo hilo maandishi na redio vina kazi kubwa. Mwaka 2005 jarida la The Organic Farmer lilianza kuchapishwa nchini Kenya, nalo ni la Kiingereza. Ndugu yake wa Kiswahili, Mkulima Mbunifu, alizaliwa mwaka 2011, ila kwake ni Tanzania. Majarida yote mawili yamefanya kazi ya kusifika. Hata hivyo, inafikirisha kwamba mkulima wa Tanzania aliandikiwa kwa lugha anayoinunulia chumvi, ilhali mwenzake wa Kenya alitarajiwa ampate kwanza mwanawe aliyesoma ili amsomee. Kiswahili ni lugha ya taifa na, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni lugha rasmi pia. Shambani bado hakijapewa kiti.

Elimu pekee, hata ikiwa kwa Kiswahili fasaha, haitoshi. Kilimohai ni kazi nzito, na kidole kimoja hakivunji chawa. Kulima kwa kina maradufu, kubeba samadi, kukata majani ya mboji na kutandaza matandazo ni kazi inayomvunja mtu mgongo akiwa peke yake. Jamii za Kenya zilikuwa na jibu tangu zamani. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga. Kiswahili kikaziita desturi za aina hii ujima. Leo watu kumi huhamia kwa mmoja, kesho kwa mwingine. Vikundi vingi vya kilimohai vimefufua mtindo huo na kuuongezea akiba ya kila wiki. Fedha hizo ndizo zinazoweza kumvusha yule mama wa Murang'a msimu mahindi yake yakiwa manjano. Atakopa kwa wenzake badala ya kukopa dukani, na mkopo huo hautamfunga katika gunia. Mtu ni watu.

Haifai, hata hivyo, kuupaka ujima rangi ya dhahabu. Katika kila kikundi yumo mwenye kuhudhuria zamu yake na kuugua zamu za wenziwe. Aidha, wafanyao kazi nyingi katika mashamba haya ni wanawake, ilhali hati ya ardhi aghalabu ina jina la mume au mkwe. Mwanamke aweza kuulisha udongo kwa miaka mitano, na siku udongo huo umenona, kipande kikakodishwa kwa mwingine bila yeye kuulizwa. Jamii inayosema inaunga mkono kilimohai, huku ikimnyima mlimaji kauli juu ya ardhi anayoiponya, inamwagia maji kwenye pakacha.

Msaada wa jamii huonekana pia katika suala la uaminifu. Mnunuzi wa mjini atajuaje kwamba mchicha aliouziwa haukupigwa sumu? Njia ya kawaida ni kumlipa mkaguzi kutoka shirika la uthibitishaji, na ada yake humwelemea mkulima mwenye robo ekari. Njia ya pili ni ile iitwayo mfumo shirikishi wa dhamana. Wakulima wa eneo moja huungana, huyasoma masharti ya viwango, hutembeleana na kukaguana, wakati mwingine pamoja na walaji wao, kisha kamati yao huamua nani anastahili na nani asubiri. Mashirika ya kilimohai ya ukanda huu, kama KOAN nchini Kenya na TOAM nchini Tanzania, yameuhimiza mfumo huo, na vikundi vinavyotimiza masharti huweza kutumia ile nembo ya Kilimohai.

Wapo wanaoushuku, wakisema kwamba ndugu hamhukumu ndugu. Wasiwasi wao una msingi. Lakini mkaguzi wa kulipwa huja mara moja kwa mwaka, kwa miadi; jirani yupo kila jioni, na ndiye anayesikia bomba la kunyunyizia likilia machweo. Isitoshe, ukaguzi wa jirani ni darasa. Anayekuja kukagua huondoka na mbinu aliyoiona, na anayekaguliwa hubakia na ushauri. Jambo gumu ni lile linalovuka mpaka: upepo huivusha sumu ya asiye mwanachama, na hakuna sharti linaloweza kuuzuia upepo. Ndiyo maana kikundi chenye hekima humkaribisha jirani huyo katika siku za mafunzo badala ya kumtangazia uadui. Ua la miti kwenye mpaka husaidia. Mazungumzo kwenye mpaka husaidia zaidi.

Hakuna mahali ambapo jamii na elimu hukutana kwa dhahiri kama katika mbegu. Kwa vizazi vingi mbegu ya mtama, kunde au kibuyu ilitoka kwa mama ikaenda kwa binti, kwa shangazi, kwa jirani aliyepatwa na ukame. Pamoja na mbegu yalitoka maneno: hii hupandwa kabla ya mvua, hii hustahimili jua, hii huhifadhiwa kwa majivu juu ya moshi wa jikoni. Marekebisho ya sheria ya mbegu ya mwaka 2012 yalifanya uuzaji na ubadilishanaji wa mbegu zisizosajiliwa uweze kumletea mkulima kifungo cha hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwalinda wakulima dhidi ya mbegu bandia, na hilo ni lengo jema. Lakini nyanya aliyempa jirani yake konzi ya kunde aliingizwa kapu moja na tapeli. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na mwishoni mwa Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vipengele vilivyowaadhibu wakulima kwa kugawana mbegu zao vilikiuka Katiba. Wakati kesi ikiendelea, kazi ya kuhifadhi haikusimama. Shirika la Seed Savers Network, lililoanzishwa Gilgil mwaka 2009, limekuwa likiwafunza wakulima kuchagua, kukausha na kutunza mbegu zao katika hifadhi za kijiji.

Ushindi wa mahakamani umeirudisha haki ya kupeana mbegu. Haukuyarudisha maneno yaliyokwisha kusahauliwa. Mbegu isiyo na maneno yake ni kitendawili kisicho na mteguzi. Nyanya akifariki bila kuulizwa, mjukuu hurithi kibuyu kilichojaa punje asizojua majina yake, wala msimu wake, wala maradhi yanayoziua.

Ni katika nafasi hii ambapo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu ambao hakuna idara nyingine chuoni itakayewatekelezea. Mtaalamu wa udongo anajua kinachotendeka ndani ya lundo la mboji, lakini amekijua kwa Kiingereza. Mkulima anajua namna fimbo inavyohisika kiganjani, lakini analijua hilo kwa Kikamba, Kitaita au Kigiriama. Baina yao Kiswahili kinaweza kuwa daraja, iwapo kitajengwa na watu waliokwenda ng'ambo zote mbili. Istilahi nyingi zimebuniwa mezani, zikafungiwa kamusini na kufa humo. "Shamba darasa", "vuta-sukuma" na "kilimohai" zimeishi kwa sababu zilizaliwa kwenye kazi na watu wakazihitaji siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi aendaye nyumbani wakati wa likizo ana daftari na ana masikio. Anaweza kuorodhesha majina ya mbegu za kijiji chake, aandike kinachosemwa kuhusu kila moja, na kuyatafutia Kiswahili kitakachoeleweka kaunti ya pili. Anaweza kuketi na kikundi cha akina mama na kuvigeuza viwango vya kilimohai kuwa Kiswahili cha kawaida, sentensi kwa sentensi, hadi asiwepo anayetia saini asichokielewa. Mhadhiri anaweza kuikubali kazi hiyo kuwa tasnifu, kama anavyokubali uchambuzi wa riwaya. Hakuna moja kati ya hayo linalohitaji ufadhili mkubwa, na yote yanahitaji mtu atakayekubali kuchafuka viatu.

Mkulima wa kilimohai hamwombi yeyote amwonee huruma. Anachohitaji ni mwenzake wa kumwambia "ngojea wiki moja", kikundi cha kumvusha msimu mgumu, haki juu ya ardhi na mbegu anazozitunza, na lugha inayomweleza kazi yake bila kumpotosha. Mitatu ya mahitaji hayo iko mikononi mwa majirani, kaunti na mahakama. La nne liko mikononi mwa wasomaji wa kurasa hizi.